Uzamivu bila maabara: kisa cha mtafiti wa sayansi ya mazoezi katika nyanda za juu

Mhusika wa kisa hiki nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo wanariadha aliowapima walivyomwita tangu mwanzo hadi mwisho. Jina lake, chuo, mji na kambi nimeviondoa. Tarehe chache na idadi ya watu nimezisogeza kidogo, ila uhusiano wa hesabu haukubadilika. Amesoma rasimu na kuridhia itolewe. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya uzamili ya idara. Sikuwa msimamizi wake, kwa hiyo mengi niliyaona kwenye makaratasi na vikaoni, na mengine alinisimulia baadaye.

Kisa kinawahusu hasa wanaofikiria kusomea uzamivu wa sayansi ya mazoezi katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, ambako wakimbiaji bora wa dunia wako mlangoni lakini vifaa vya kuwapimia haviko.

Usuli

Mwalimu alisajiliwa mwaka 2018 katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya. Alikuwa akifundisha elimu ya viungo na baiolojia katika shule ya sekondari, ana shahada ya uzamili katika fani hiyo hiyo, na ujanani mwake alikuwa akikimbia mita 1,500 kwa kiwango cha mkoa. Mwajiri hakumpa likizo ya masomo. Karo aliilipa kwa mkopo wa sako (chama cha kuweka na kukopa), na kazi ya nyanjani aliipanga katika likizo za shule: Aprili, Agosti na Desemba.

Swali lake lilitoka kwa makocha. Katika kambi nyingi za Bonde la Ufa kuna siku ya vilima: wanariadha wanapanda mteremko kwa kasi, wanashuka taratibu, wanarudia. Makocha wanaapa kwamba vilima hufanya mwili utumie nguvu kidogo zaidi kwa kasi ile ile. Wataalamu huuita ufanisi wa mbio. Ni moja ya mambo yaliyotajwa sana tangu mwanafiziolojia wa Uswidi Bengt Saltin na wenzake walipochapisha mwaka 1995 matokeo ya kuwalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Wakimbiaji wanawake, hata hivyo, hawajapimwa kwa wingi kama wanaume. Hapo Mwalimu akaona mwanya: wanawake wa miaka 18 na kuendelea, kundi moja lipewe wiki kumi za vilima na jingine liendelee na ratiba ya kawaida, kisha ufanisi wa mbio upimwe kabla na baada.

Swali zuri. Jopo lililipokea vizuri, na pendekezo likapita mwaka 2019 baada ya marekebisho madogo ya lugha. Kwa maoni yangu marekebisho ya lugha yalikuwa dalili mbaya: jopo lililokosa la kuuliza kuhusu vipimo huuliza kuhusu koma.

Mashine

Ufanisi wa mbio hupimwa kwa oksijeni. Mwanariadha anakimbia kwa kasi isiyobadilika, amevaa barakoa, na mashine inachanganua hewa anayotoa. Pendekezo lilitaja mashine ya chuo. Kweli ilikuwepo, imenunuliwa kwa fedha za mradi uliokwisha zamani, na ilikuwa kwenye orodha ya mali ya idara. Katika hatua zote za kupitisha pendekezo, hakuna aliyeuliza kama inafanya kazi.

Mwalimu alipokwenda kujifunza kuitumia, tayari akiwa na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, alikuta mtungi wa gesi ya kusawazishia ni mtupu na kitambuzi cha oksijeni kimekufa. Vitambuzi vya aina ile ni seli ndogo za kemikali ambazo huliwa na oksijeni iliyomo hewani, iwe mashine inatumika au imefunikwa kitambaa kabatini. Miaka michache ikipita, hununuliwa kipya.

Fundi wa maabara, kwa nia njema kabisa, alipendekeza wapate kitambuzi kipya na kukisawazisha kwa hewa ya chumba peke yake. Hewa ya chumba ina oksijeni asilimia 20.9, Mombasa au mlimani. Kinachopungua mlimani ni shinikizo, si fungu la oksijeni. Lakini hewa inayotoka kifuani mwa mkimbiaji ina oksijeni kama asilimia 16 au 17. Ndiyo maana mtungi wa kusawazishia huwa na oksijeni ya asilimia 16 na kaboni dayoksaidi ya asilimia 4 au 5: mashine lazima ithibitishwe pale itakapofanyia kazi. Kosa dogo hapo linatosha kumeza kila kitu, kwa sababu mabadiliko ya ufanisi kwa mkimbiaji aliyezoea mazoezi ni ya asilimia chache tu.

Alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kungoja chuo kinunue kitambuzi na gesi kupitia zabuni. Ya pili, kundi la watafiti kutoka Ulaya lililozoea kuja katika mji ule, na lililokubali kumwazima mashine yao ya kubebeka kwa wiki tano, data zote zihifadhiwe kwao na yeye awe mmoja wa waandishi. Ya tatu, kuacha kupima oksijeni.

Aliikataa ya pili. Sababu yake ilikuwa umiliki: hakutaka shahada yake ikae kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Msimamizi wake wa pili alimuunga mkono kwa kumkumbusha kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msimamizi wa kwanza alikasirika kidogo. Aliona jina la chuo cha ng'ambo lingemfungulia milango ya majarida.

Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi, ila kwa sababu nyingine. Mashine ya wiki tano haiwezi kupima mwanzo na mwisho wa mazoezi ya wiki kumi. Kipimo cha mwisho kingefanyika kwa mashine nyingine, na tofauti kati ya mashine mbili inaweza kuwa kubwa kuliko athari yenyewe ya vilima. Hata kama mkataba wa data ungekuwa wa haki kabisa, utafiti usingesimama.

Damu

Pendekezo la awali lilikuwa pia na tone la damu kutoka kidoleni, la kupimia asidi ya maziwa, ambayo misuli huitoa ikifanya kazi kwa nguvu, baada ya kila kasi. Kitabibu ni jambo dogo. Kambini halikuwa dogo hata kidogo.

Ikumbukwe kwamba mwaka 2016 Kenya ilitangazwa kutotimiza masharti ya shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria na kuundwa wakala wa kitaifa, ADAK. Tangu hapo mtu anayefika kambini alfajiri akiwa na sindano na glavu ana maana moja tu. Kocha wa kambi kubwa alimwambia waziwazi: "Madam, wewe tunakujua, ni mtu wetu. Lakini hiyo damu ikishatoka, mimi siwezi kumweleza mama yake mtoto imeenda wapi."

Mwalimu hakubishana. Aliondoa damu yote, akarudi kwa kamati ya maadili kuomba marekebisho. Marekebisho hayo yalikula miezi. Wakati ule wenzake wengi, na mimi mmojawapo, tuliona amelegea mapema mno, kwamba kikao kimoja cha maelezo kingetosha. Baadaye nilipoona orodha ya walioandikishwa, na jinsi kambi mbili ambazo huwafukuza watafiti zilivyomfungulia mlango, nilibadili msimamo. Kipimo ambacho watu wanakiogopa huchagua washiriki kabla mtafiti hajawachagua.

Mwaka 2020

Tarehe 13 Machi 2020 kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini. Shule zikafungwa, kambi zikamwagika, wanariadha wakarudi mashambani kwao. Leseni yake ilikwisha muda bila mtu hata mmoja kupimwa.

Ni katika miezi hiyo ndipo alipochagua njia ya tatu, kuacha oksijeni, na kubuni kipimo kilichobeba tasnifu. Alitaka kitu ambacho angeweza kukifanya mwenyewe, kwenye uwanja wa murramu, kwa mikanda ya kifuani ya mapigo ya moyo aliyoinunua kwa fedha zake. Koni kila mita 50. Filimbi kila sekunde 15, ambayo ni kilomita 12 kwa saa, kwa dakika sita. Mapumziko mafupi. Kisha filimbi kila sekunde 12, kilomita 15 kwa saa, dakika sita tena. Anayefika koni kabla ya filimbi anapunguza, anayechelewa anaongeza. Kinachorekodiwa ni wastani wa mapigo ya dakika ya mwisho. Pamoja nacho, mkimbiaji anataja ugumu anaousikia kwa kipimo cha Borg, cha 6 hadi 20.

Wazo si jipya. Mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill, miaka ya 1920 kule Manchester, alikimbia kwa kuzunguka kwenye nyasi akiwa na mfuko mgongoni wa kukusanya hewa anayotoa, na hesabu yake ya oksijeni ni miongoni mwa misingi ya fani hii. Aliyekwisha kusoma kazi za wakati ule haoni haya kuchukua vipimo uwanjani.

Jaribio la uthabiti

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, maana hapa ndipo Mwalimu alipowazidi wanafunzi wengi niliowaona.

Shule zilipofunguliwa tena, kalenda ilibanwa ili kufidia muda uliopotea, na likizo za 2021 na 2022 zikawa fupi kuliko kawaida. Wiki kumi za mazoezi hazikuweza kuingia. Badala ya kungoja, alitumia likizo moja kujiuliza jambo ambalo pendekezo la kwanza halikuuliza: mtu yule yule akipimwa asubuhi nne tofauti, bila kubadilisha mazoezi, mapigo yake yatatofautiana kiasi gani?

Mwanzoni yalitofautiana ovyo. Akaanza kufuatilia chanzo kimoja baada ya kingine. Chai ya maziwa ya alfajiri ilikuwa kimojawapo: wengine walikunywa vikombe viwili kabla ya kupimwa, wengine hawakunywa kabisa, na majani ya chai yana kafeini. Akaomba chai ingoje. Cha pili kilikuwa mazoezi ya jana yake. Aliyetoka kwenye mbio ndefu au fatileki (mbio za kubadilishabadilisha kasi) ya Alhamisi hakuwa na moyo sawa na aliyepumzika. Akahamisha vipimo hadi asubuhi inayofuata siku nyepesi. Cha tatu sikukitarajia. Kocha akisimama karibu, wakimbiaji walitaja namba ndogo za ugumu. Hakuna aliyetaka kuonekana amechoka kwa kasi ya kilomita 12. Kocha akaombwa, kwa heshima zote, asimame upande wa pili wa uwanja.

Baada ya hayo, kosa la kawaida la kipimo, yaani kiasi ambacho mapigo ya mtu yule yule huyumba bila sababu, lilitua kwenye mapigo kama 3 kwa dakika. Namba hiyo moja ilibadilisha kila kitu. Alitarajia vilima vishushe mapigo kwa kama 3 hivi. Kipimo cha asubuhi moja kabla na asubuhi moja baada kina kelele (kuyumba huko) ya mapigo 4.2, yaani 3 mara kipeuo cha pili cha mbili, na kwa kelele hiyo angehitaji watu 31 hivi kwa kila kundi. Akipima asubuhi mbili kabla na mbili baada na kuchukua wastani, kelele inashuka hadi 3, na watu 16 kwa kila kundi wanatosha. Asubuhi mbili za ziada kwa kila mtu zilimpunguzia karibu nusu ya washiriki. Hakuna ruzuku ambayo ingemnunulia nafuu kama hiyo.

Aliliandika jaribio hilo kama makala na kulipeleka kwenye jarida. Likakubaliwa. Kwa kuwa vyuo vya Kenya vinadai makala zilizochapishwa kabla ya kuhitimu, moja ilikuwa tayari mfukoni hata kabla utafiti mkuu haujaanza.

Utafiti mkuu

Aliandikisha wanawake 42 mwaka 2022, 21 kila kundi. Kwa hesabu yake, hata wakiondoka watano kila upande, bado angekuwa salama.

Waliomaliza walikuwa 27: kumi na wanne wa vilima, kumi na watatu wa kundi linganishi. Watatu waliumia. Wawili walipata ujauzito. Waliobaki kati ya walioacha waliondoka kwa sababu za kazi. Mameneja waliwapatia mbio nje ya nchi, na mtu anayeitwa kukimbia kwa fedha hangoji wiki ya kumi ya utafiti wa mtu. Uchaguzi mkuu wa Agosti nao ulisitisha safari kwa siku kadhaa.

Kundi la vilima lilishusha mapigo kwa wastani wa 2 zaidi ya wenzao. Ukiweka mipaka ya uhakika wa asilimia 95, athari ya kweli inaweza kuwa popote kuanzia kupanda kwa pigo 0.4 hadi kushuka kwa mapigo 4.4. Sifuri imo ndani, yaani huwezi kusema kwa uhakika kwamba vilima vilibadilisha chochote.

Hapo alishawishiwa na watu wawili, majina nayahifadhi, aongeze uchambuzi hadi kitu kitoke: awatenge waliokosa zaidi ya mazoezi matatu, atumie kasi moja badala ya mbili, ajaribu jaribio la takwimu la upande mmoja, linalotazama kushuka peke yake. Hakufanya hivyo. Mpango wa uchambuzi alikuwa ameshauweka kwa kamati kabla ya kuanza, na aliwaonyesha karatasi.

Utetezi

Mtahini wa nje alikuwa mkali, na alikuwa na haki. Hoja yake ya kwanza haikuhusu sifuri. Ilihusu kichwa cha tasnifu, ambacho bado kilisema "ufanisi wa mbio". Mapigo ya moyo kushuka kwa kasi ile ile si lazima yamaanishe mwili unatumia oksijeni kidogo. Maji ya damu yakiongezeka kwa sababu ya mazoezi, moyo husukuma zaidi kwa kila pigo na hupiga mara chache, oksijeni ikibaki pale pale. Hoja ya pili ilikuwa mbaya zaidi: mwanariadha aliyezidiwa na mazoezi naye huweza kuonyesha mapigo ya chini. Namba ile ile, maana mbili zinazopingana.

Namba za Borg ndizo zilizomwokoa kwenye hoja ya pili. Katika kundi la vilima, ugumu uliotajwa ulishuka pamoja na mapigo. Aliyezidiwa husema kinyume: moyo uko chini lakini miguu ni mizito. Hoja ya kwanza haikuwa na jibu, na hakujaribu kulitafuta. Kichwa kikabadilishwa kuwa "mzigo wa moyo katika kasi isiyobadilika", sura ya mjadala ikaandikwa upya, na shahada ikatolewa mwaka 2024. Miaka sita, kwa mtu aliyekuwa na vipindi vya kufundisha kila siku ya juma.

Uchambuzi

Kilichoshindikana kilianzia kwetu idarani. Pendekezo linalotegemea kifaa lilipitishwa bila mtu kuwasha kifaa hicho. Siku hizi fomu ya idara inadai karatasi ya matokeo ya kusawazisha mashine, yenye tarehe isiyozidi miezi mitatu. Haipendwi, lakini tayari imewarudisha wanafunzi wawili kubadilisha mada wakiwa katika mwaka wa kwanza, mahali ambapo kubadilisha ni rahisi.

Kushindwa kwa pili ni hesabu ya wanaoacha. Mwalimu alitenga wakimbiaji watano kila kundi kwa kuangalia tafiti za Ulaya na Marekani, ambako washiriki mara nyingi ni wanafunzi wa chuo. Mkimbiaji wa kulipwa wa Bonde la Ufa ni mtu wa biashara aliye katika msimu. Alipaswa kuanza na kalenda ya mbio, kuwauliza mameneja nani ana mkataba mwezi gani, kisha ndipo apange wiki kumi. Au apunguze hadi wiki sita na kukubali athari ndogo zaidi. Yeye mwenyewe anasema angechagua sita. Mimi nina shaka: athari ndogo inataka watu wengi zaidi, na hao ndio hakuwa nao. Ningependelea wiki nane baada ya msimu kumalizika, hata kama makocha wangenung'unika kwamba huo ni wakati wa kupumzika.

Kuhusu kichwa kilichobaki na maneno "ufanisi wa mbio" baada ya oksijeni kuondolewa, lawama ni ya wasimamizi kuliko yake. Kipimo kilibadilika mwaka 2020 na kichwa kikabadilika miaka minne baadaye, chini ya shinikizo. Kila sura iliyoandikwa kati ya hapo ilibeba dai ambalo data haikuweza kulibeba, na ndiyo sababu mjadala ulilazimika kuandikwa upya wote.

Kilichofanya kazi ni jaribio la uthabiti, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu. Wao wanaliona kama maandalizi yaliyobahatika kuchapishwa. Mimi naliona kama mchango mkuu wa tasnifu. Matokeo ya vilima yaliacha swali wazi. Kipimo, kwa upande mwingine, sasa kinatumiwa na kambi mbili kufuatilia wanariadha wao, kwa koni, filimbi na mikanda, na makocha wanajua kwamba tofauti ya mapigo mawili kati ya Jumanne na Jumanne haina maana yoyote. Hapo awali walikuwa wakibadilisha ratiba ya mtu kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Katika kikao cha kurudisha matokeo, kocha yule yule aliyekataa damu alimuuliza kama aache vilima. Mwalimu alimwambia data zake hazisemi aache wala hazisemi aongeze, na akamwonyesha mchoro wenye sifuri ndani. Kocha akasema ataendelea navyo mara moja kwa wiki kama zamani, ila safari ijayo Mwalimu alete watu wengi zaidi, na aje mwezi wa kumi.